Kimya cha Mteja: Kwa Nini Maoni ya Wanunuzi Wilayani Rungwe Husemwa Kuliko Kuandikwa

Makala haya yanafafanua sababu zinazomfanya mteja aandike au asiandike maoni kuhusu bidhaa aliyoinunua, kwa kurejelea mji wa Tukuyu na masoko ya Wilaya ya Rungwe. Hoja kuu ni kwamba sanduku la maoni lililo tupu halithibitishi kuwa mteja hana la kusema. Huenda amekwisha kulisema kwa njia nyingine.

Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza kuwa mteja asiyeridhika ana njia mbili: kuondoka au kupaza sauti. Uaminifu wake kwa muuzaji humzuia kuondoka upesi. Nadharia hii inafaa, ila inahitaji nyongeza: sauti ya mdomo na sauti ya maandishi hazina gharama sawa.

Mnunuzi wa ndizi au viazi hukabiliana na muuzaji ana kwa ana. Hubonyeza, hupatana bei, hudai nyongeza. Bei anayoikubali ni tathmini tayari. Akikuta viazi vilivyooza chini ya ndoo, hurudi kulalamika, au huhamia meza nyingine na kuwaonya wenzake. Kuandika hakumwongezei kitu. Aidha, muuzaji huyo aweza kuwa jirani, shemeji au muumini mwenzake. Neno la mdomo husameheka, lakini karatasi hubaki. Monica Wilson, katika utafiti wake kuhusu Wanyakyusa uliochapishwa mwaka 1951, alionesha uzito wa ukwangala, yaani raha ya kukaa na kuzungumza pamoja. Katika mazingira hayo, lawama iliyoandikwa bila kusemwa kwanza huweza kuonekana kama kusengenya. Lugha nayo ina nafasi yake: lawama inayotamkwa kwa wepesi katika Kinyakyusa hupungua makali ikibidi iandikwe kwa Kiswahili cha ofisini.

Umbali unapoongezeka, hali hubadilika. Parachichi la Rungwe linalouzwa Ulaya humfikia mnunuzi asiyemfahamu mkulima. Hapo masharti ya ubora na malalamiko hayana budi kuandikwa. Vivyo hivyo, msafiri aliyelala usiku mmoja Tukuyu akielekea Kyela huandika bila kusita kuliko mwenyeji, kwa kuwa hana uhusiano wa kuulinda.

Hasara ya kimya humwangukia mzalishaji mdogo. Huona wateja wakipungua bila kujua sababu, na maandishi machache anayoyapata huelekea kutoka kwa waliofurahi mno au waliokasirika mno.

Kwa hiyo, mteja huandika anapoamini mambo matatu: kwamba atasomwa, kwamba atajibiwa, na kwamba ujirani hautavunjika. Pale ambapo imani hiyo haipo, kuongeza masanduku hakusaidii. Inafaa zaidi kuteua mtu wa kusikiliza malalamiko kwa lugha ya mteja, kuyaandika bila kutaja jina, na kutangaza hadharani kilichorekebishwa.