Mtoto akiumia kwa uzembe wa mtu: mambo manne ambayo mzazi lazima athibitishe

Mtoto ametumwa chumvi dukani. Njiani kuna nyumba inajengwa, na shimo la choo limeachwa wazi, halina kifuniko wala uzio. Anatumbukia na kuvunjika mguu. Jioni mwenye nyumba anakuja na noti mbili za elfu kumi na neno "pole".

Wazazi wengi hupokea na kumwachia Mungu. Wengine hukimbilia polisi, na wakiambiwa hakuna jinai hapo, hurudi nyumbani wakiamini hawana haki yoyote.

Kumbe kuna mlango mwingine: kesi ya madai. Lengo lake si kumfunga mtu jela, bali kupata fidia. Lakini machozi ya mtoto peke yake hayatoshi. Kwa kosa la uzembe, mzazi anatakiwa kuthibitisha mambo manne.

Kwanza, wajibu. Je, mtu huyo alipaswa kumfikiria mtoto wako? Anayechimba shimo kando ya njia wanayopita watoto anapaswa.

Pili, kuvunja wajibu huo. Je, alifanya pungufu ya ambavyo mtu makini angefanya? Mbao chache tu juu ya shimo zingetosha.

Tatu, chanzo. Ni shimo hilo lililovunja mguu? Kama mtoto aliumia juzi akicheza mpira, kesi hakuna.

Nne, madhara. Akiponea chupuchupu, utamgombeza mwenye shimo, lakini huna fidia ya kudai.

Na mzazi naye huulizwa

Mahakama za Tanzania na Kenya zilirithi misingi hii kutoka Uingereza, hivyo kesi za kule bado zinatufundisha.

Katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1922, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza, lilisikiliza kesi ya mtoto wa miaka 7 aliyekula matunda yenye sumu katika bustani ya umma mjini Glasgow, akafa. Baba yake alidai halmashauri ilijua hatari hiyo lakini haikuweka uzio wala onyo. Majaji walikubali kwamba ana hoja ya kusikilizwa. Tunda linalomvutia mtoto ni kama mtego kwake, na mtoto hapimwi kwa akili ya mtu mzima.

Lakini katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1955, mtoto wa miaka 5 aliyekuwa na dada yake wa miaka 7 alitumbukia kwenye mtaro katika eneo la wazi lililokuwa likijengwa nyumba huko Rochester, Uingereza. Alivunjika mguu, na halmashauri ikashinda kesi. Jaji alisema jukumu la kwanza la usalama wa watoto wadogo ni la wazazi wao.

Kwa hiyo, umri wa mtoto uliyemtuma chumvi una uzito. Wa miaka 10 kwenye njia anayopita kila siku si sawa na wa miaka 4.

Ufanye nini

Mpeleke hospitali kwanza. Kwa Tanzania, chukua PF3 polisi. Piga picha za shimo mapema, maana kesho unaweza kulikuta limefunikwa. Andika majina ya walioshuhudia na utunze kila risiti. Usisaini karatasi ya "tumemalizana" kabla hujajua matibabu yataishia wapi.

Usikae sana pia. Tanzania na Kenya, madai ya aina hii kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3. Sheria humlinda mtoto zaidi kuhusu muda, lakini mashahidi huhama na kusahau. Kama huna fedha za wakili, tafuta wasaidizi wa kisheria katika eneo lako.

Pole ipokee, ni utu. Ila picha ya shimo iwe tayari kwenye simu yako.