Je, Wajua? Jembe, Chungwa na Gololi kwenye Sanduku la Kura

Je, wajua kwamba mwaka 1965 Mnyaturu wa Ilongero au Mnyiramba wa Kiomboi, mkoani Singida, hakuhitaji kujua hata herufi moja ili amchague mbunge wake? Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza wa chama kimoja. Kila jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja amepewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Ukishajua mtu wako ni jembe au ni nyumba, umemaliza. Alama hizo mbili zilidumu hadi uchaguzi wa 1990. Na tusidhani ulikuwa uchaguzi wa kutimiza wajibu tu: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa mwaka huo huo wa 1965.

Katika kampeni hizo mgombea alitakiwa kuzungumza Kiswahili tu. Kuomba kura kwa kabila, dini au rangi kulikatazwa. Chukua mkoa kama Singida, wenye Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo, Kitaturu, na Kihadzabe chenye sauti za kidoko cha ulimi kule Munguli, Mkalama. Katazo lile lilimbana mgombea aliyezoea kuhesabu ukoo wake kabla ya kuhesabu sera. Siku hizi pia kampeni ni za Kiswahili, ila pasipoeleweka, mkalimani anaruhusiwa. Naiona ruhusa hiyo kuwa haki kabisa. Mzee wa Munguli ana kura sawa na ya profesa wa Dodoma, na anastahili kusikia ahadi kwa lugha inayomwingia.

Je, wajua kuwa kulikuwa na wakati ambapo kura moja haikutosha, ilibidi upige tatu? Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, kila mpiga kura wa Tanganyika alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukiacha mmoja, karatasi yako imeharibika. TANU ilibishana vikali kama ishiriki au isuse, hadi mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ukaamua kushiriki. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilibidi uwe na elimu ya kiwango fulani, au cheo kinachotambuliwa, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati huo. Mfugaji wa Singida angeweza kuwa na zizi limejaa ng'ombe na bado asione karatasi ya kura. Nchi nzima, walioandikishwa hawakufika laki moja.

Mwaka 2005, jimbo la Singida Mjini lilimchagua Mohammed Dewji, Mtanzania wa asili ya Kiasia aliyezaliwa hapo hapo Singida mwaka 1975. Likamrudisha tena 2010. Hapakuwa tena na kura ya Mwasia wala kura ya Mwafrika. Ilikuwa kura ya mbunge.

Gambia wanapiga kura kwa gololi. Ndiyo, gololi. Kila mgombea ana pipa la rangi yake lenye picha yake. Mpiga kura hudumbukiza gololi moja kwenye tundu, nayo hugonga kengele iliyomo ndani. Ikilia mara mbili, wasimamizi wanajua kuna jambo. Utaratibu huo ulianza miaka ya 1960 kwa ajili ya wasiojua kusoma, na katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2021 ulikuwa bado unatumika. Cha kupendeza, Gambia ndiyo iliyobaki karibu na asili: neno ballot, ambalo Waingereza hulitumia kwa karatasi ya kura, lilitoka kwa Waitalia likiwa na maana ya kijitufe. Venice ya zamani ilichagua viongozi wake kwa vijitufe.

Wachina nao wana kisa chao. Miaka ya vita dhidi ya Japani, katika vijiji vilivyokuwa chini ya wakomunisti kuzunguka Yan'an, mkulima asiyejua maandishi alipewa punje ya haragwe. Nyuma ya kila mgombea palikuwa na bakuli. Unapita, unadondosha haragwe lako, unaondoka. Kwa Kichina, kupiga kura ni kutupa tiketi. Sisi tunapiga, na neno kura lenyewe tulilipokea kwa Waarabu, ambao kwao lilikuwa kura ya bahati nasibu.

Kule Kenya matunda yaliwahi kugombea. Katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005, ndizi ilikuwa ndiyo na chungwa lilikuwa hapana. Chungwa likashinda, kisha likageuka kuwa jina la chama, ODM (O ni Orange, yaani chungwa). Miaka 17 kabla yake Wakenya walikuwa wameonja mlolongo: mwaka 1988, katika mchujo wa chama tawala, KANU, wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wao au picha yake, mbele ya chifu na majirani. Aliyekuwa na deni kwa mwenye duka alijua pa kusimama. Kura ya siri iliyoandikwa kwenye karatasi ya serikali, ambayo Australia iliianza mwaka 1856, ilibuniwa kuondoa hofu ya namna hiyo.

Kura moja haina maana? Januari 1961, huko Pemba, jimbo la Chake Chake lilikwenda kwa chama cha ASP kwa tofauti ya kura moja tu. Hesabu ya Zanzibar nzima ikawa ASP viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3, pasiwepo wa kuunda serikali. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na ghasia zilizoufuata ziliua watu 68.

Je, wajua kwamba mwaka 2019 wapiga kura wa Singida Mashariki walipata mbunge mpya bila kugusa karatasi? Kiti cha Tundu Lissu kilitangazwa kuwa wazi akiwa bado nje ya nchi, alikokwenda kutibiwa baada ya kupigwa risasi Septemba 2017. Mgombea wa CCM, Miraji Mtaturu, akapita bila kupingwa. Sheria mpya ya uchaguzi ya 2024 imeufuta utaratibu huo: mgombea akibaki peke yake, wananchi wanampigia ndiyo au hapana. Ni mabadiliko mazuri, yaliyochelewa. Mwaka huo huo Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilibadilishwa jina, ikawa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Saini inaweza kukutoa kwenye karatasi ya kura. Aprili 2025 CHADEMA haikusaini maadili ya uchaguzi, na Tume ikatamka kwamba chama hicho hakitashiriki. Lissu, mwana wa Ikungi, aliyekuwa mwenyekiti wake, alikuwa rumande kwa shtaka la uhaini. Siku ya kura, Oktoba 29, ilikuja na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Safu inayozungumzia kura mkoani Singida haiwezi kuruka mwaka huo.

Mwenyekiti wa kijiji au kitongoji hachaguliwi kwa daftari la kudumu. Uchaguzi wa serikali za mitaa unaendeshwa na TAMISEMI, na una orodha yake, inayoandikwa upya pale pale kijijini. Wengi huja na kadi ya mpiga kura wakidhani inatosha, kumbe jina halimo.

Asiyejua kusoma anaruhusiwa kuja kituoni na mtu anayemwamini wa kumsaidia. Msaidizi huyo asiwe msimamizi wa kituo wala wakala wa chama. Asiyeona anaweza kuomba jalada la nukta nundu, akapiga kura yake mwenyewe kwa vidole vyake. Karatasi ina picha ya mgombea na alama ya chama. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mzee na mwenye ulemavu hawapangi foleni. Na ukiwa tayari kwenye mstari saa 10:00 jioni, kituo hakifungwi mbele ya uso wako.

Fomu 21A ni matokeo ya rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani. Hubandikwa nje ya kituo baada ya kuhesabu, na kila mpita njia ana haki ya kuzisoma.