Nasaba Nyuma ya Jina la Ubatizo

Mtafiti wa nasaba za watumwa walioachwa huru na kupewa makao Frere Town, Mombasa, tangu miaka ya 1870, aghalabu huanzia katika daftari za ubatizo. Humo hukutana na akina James na William. Jina la nyumbani mara nyingi limemezwa. Hata akiona "Myao" au "Mnyasa", asidhani amefika kijijini: yamkini ni njia tu aliyopitishwa mateka. Hapo ndipo fasihi inapofaa. *Uhuru wa Watumwa* (1934) cha James Mbotela, mzawa wa jamii hiyo, kinawasifu Waingereza kupita kiasi, lakini kinasimulia kutekwa na safari. Nalo jina Mbotela si la ubatizo. Kisomwe sambamba na daftari.