Mijaín López: Mwanamieleka Aliyetwaa Dhahabu Tano Mfululizo za Olimpiki

Mwanamieleka wa Cuba, Mijaín López, aliweka rekodi Agosti 6, 2024 jijini Paris, Ufaransa, alipomshinda Yasmani Acosta wa Chile, mzaliwa wa Cuba, kwa pointi 6-0 katika fainali ya uzani wa kilo 130. Ushindi huo ulimfanya kuwa mwanamichezo wa kwanza kutwaa medali tano za dhahabu mfululizo katika shindano lilelile la mtu mmoja mmoja kwenye Michezo ya Olimpiki.

López, aliyezaliwa mwaka 1982 katika mkoa wa Pinar del Río, alishindana kwa mtindo wa Kigiriki-Kirumi. Katika mtindo huo, mshindani haruhusiwi kumkamata mpinzani chini ya kiuno wala kutumia miguu kumwangusha. Hivyo ushindi hutegemea zaidi nguvu za mikono, kifua na mgongo.

Safari yake haikuanza kwa ushindi. Mwaka 2004 jijini Athens alishindwa na Khasan Baroev wa Urusi, akaondoka bila medali. Miaka minne baadaye, jijini Beijing, alimshinda Baroev huyohuyo katika fainali. Alilitetea taji hilo London mwaka 2012, Rio de Janeiro mwaka 2016 na Tokyo mwaka 2021, ambako hakupoteza pointi hata moja. Aidha, ametwaa ubingwa wa dunia mara tano.

Alifika Paris akiwa na umri wa miaka 41, bila kushiriki shindano lolote la kimataifa tangu Tokyo. Baada ya fainali alivua viatu na kuviacha juu ya mkeka, ishara ya mwanamieleka kustaafu.