Hamu Si Ulafi: Kwa Nini Mahamri na Mbaazi Havitutoki Moyoni

Nyumba nyingi za Pwani siku hizi zina ugomvi mmoja usiokwisha. Mzee ana sukari, na mzee ataka mahamri. Watoto wamesikia maneno ya daktari, wameficha kopo la sukari na wamemwambia mama asipike tena. Mzee hajibu kitu. Akitoka msikitini alfajiri anapitia kwa mama muuza mahamri, anakula manne kwa chai tamu, kisha anarudi nyumbani na kusema hana njaa. Kipimo kikipanda mwezi ujao, kila mtu anashangaa.

Lawama zote humwangukia mzee: mlafi, hasikii, hajionei huruma. Lakini jambo hili lina maelezo yake, na mwenye kuyafahamu ataona kwamba kukataza peke yake hakusaidii. Basi tutazame hamu ya chakula ni kitu gani, kwa nini vyakula vyetu vya Pwani vinatushika namna hii, na vipi twaweza kuendelea kuvila bila ya kujiumiza.

Njaa na hamu ni vitu viwili

Njaa yaanzia tumboni. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo huuarifu ubongo kwamba mwili unahitaji chakula. Mwenye njaa ya kweli hachagui. Mpe muhogo mtupu wa kuchemsha, ataula na kushukuru. Ndiyo wahenga wakasema mwenye njaa hana miiko.

Hamu ni jambo jengine. Mtu amekula wali wake akashiba, amenawa, amekaa barazani. Inampitia harufu ya viazi karai vinavyokaangwa ng'ambo ya pili, na mate yanamjaa kinywani. Mtu huyu hana haja ya chakula. Anataka kile anachokisikia harufu. Kiswahili kimelijua hili zamani, ndiyo tukawa na neno uchu. Mwenye uchu anaweza kuwa na sahani iliyojaa wali mbele yake na bado akahisi amekosa, kwa sababu kitoweo anachokitamani hakipo.

Hamu hutokana na mafunzo ya ubongo. Kila unapokula kitu kikakupendeza, ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, na papo hapo hujifunza yote yaliyokizunguka chakula kile: saa, mahali, harufu, watu uliokuwa nao. Siku nyengine dalili moja tu hutosha kuamsha matamanio yote. Harufu ndiyo dalili yenye nguvu kuliko zote, kwani katika hisia zetu ndiyo yenye njia fupi zaidi ya kufika kwenye sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu na kuamsha hisia za moyo. Ndiyo maana harufu ya iliki ndani ya mafuta ya moto yaweza kumkumbusha mtu wa miaka sabini nyumba ya bibi yake, kabla hata hajajua anakumbuka nini.

Ubongo wa mzee yule umefunzwa alfajiri na mahamri kwa miaka sitini. Hauwezi kusahau kwa sababu ya karatasi moja ya hospitali.

Siri iliyomo ndani ya sinia

Tuyatazame mahamri yenyewe. Ni unga wa ngano, sukari, hamira, iliki na tui la nazi, kisha yanakaangwa yakafura. Hapo pana wanga, sukari na mafuta kwa pamoja. Katika vyakula vya asili mchanganyiko huu ni nadra. Matunda mengi yana sukari na hayana mafuta; nyama na samaki wana mafuta na hawana sukari. Chakula kimoja kinachojulikana kuwa navyo vyote viwili ni maziwa ya mama, nacho ndicho cha kwanza kwa kila mmoja wetu. Si ajabu basi kwamba chakula chenye vitu hivyo pamoja hutuvuta kuliko chenye kimoja peke yake.

Ongeza mbaazi. Hizi ni laini, zina chumvi, zimepikwa kwa tui jepesi kisha zikamaliziwa kwa tui zito. Hamri ni kavu kwa nje, ndani pana uwazi, lina utamu wa mbali. Ukilichovya, kavu inakutana na laini na tamu inakutana na chumvi. Kinywa hakipati nafasi ya kuchoka.

Neno la kulikumbuka hapa ni kukinai. Chakula cha mafuta matupu hukinaisha upesi: vipande vitatu vya viazi karai bila ya kitu, mtu ameshatosheka. Mpishi wa Pwani alilijua hili, akaweka ukwaju. Uchachu hufanya mate yatoke kwa wingi, hukata ule utando wa mafuta ulimini, na kinywa kinakuwa kipya kama ndiyo kwanza chaanza kula. Kazi hiyo hiyo hufanywa na ndimu kwenye muhogo wa kuchoma, achari ya embe kwenye pilau, na kachumbari kwenye biriani. Ukwaju ukiwepo, viazi vitatu vinakuwa kumi.

Pilipili nayo ina mambo yake. Muwasho wake si ladha hasa. Ndani ya pilipili mna kitu kiitwacho kapsaisini, ambacho husisimua mishipa ile ile inayohisi joto kali, hata ubongo ukadhani ulimi umeungua. Mwili hujibu kwa jasho, machozi, na kwa kutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Ule muwasho ukipungua hubaki raha fulani. Kwa hivyo utamwona mtu anapuliza ulimi, pua inachuruzika, na mkono wake umerudi tena kwenye bakuli.

Ladha hufunzwa

Wengi wetu huamini vyakula hivi tumekuwa navyo tangu na tangu. Sivyo. Muhogo, mahindi, viazi na pilipili ya kuwasha asili yake ni bara la Amerika. Vilifika katika mwambao huu baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi, na Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kabla ya hapo hapakuwa na muhogo wa kuchoma wala viazi karai. Iliki ilivuka bahari kutoka Bara Hindi, na pilau na chapati ni matunda ya udugu wetu na watu wa ng'ambo ile. Ukwaju ndio wa Afrika hapa hapa, ingawa katika lugha nyingi jina lake latokana na Kiarabu, kwa maana ya tende ya Hindi.

Yasemwa haya si kwa kuvipunguzia thamani vyakula hivyo. Yanatuonyesha kwamba babu zetu walikutana na vitu vigeni, wakavizoea, wakavipenda, mpaka vikawa ndio nyumbani. Ladha iliyofunzwa mara moja yaweza kufunzwa tena. Mtu akipunguza sukari kwenye chai kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa ile chai ya zamani humshinda kwa utamu. Kwenye chumvi ni vivyo hivyo. Mazoea yana taabu, lakini hubadilika yakipewa muda.

Chakula cha kumtuliza mtu

Kuna sababu nyengine inayofanya kukataza kusifae. Vyakula hivi tumeviunganisha na nyakati nzito za maisha. Mwanamke aliyejifungua huletewa uji wa pilipili manga. Mwenye homa hupikiwa supu, akakamuliwa ndimu. Ramadhani haikamiliki bila ya kaimati, viazi vitamu vya nazi na sambusa. Kahawa chungu na haluwa ndiyo mazungumzo ya barazani. Mwana wa Pwani aliyeko Ghuba au Ulaya akisikia kuna mtu anasafiri, huagiza mabuyu na achari, ingawa madukani kwao kumejaa vyakula.

Kwa hivyo unapomwambia mgonjwa "acha", yeye husikia kwamba anatolewa kwenye sinia ambalo wenzake wote wamelizunguka. Atakula kwa siri, na anayekula kwa siri hula kwa pupa, hapimi, wala hamwambii daktari.

Hamu ya kuangaliwa kwa jicho la pili

Si kila hamu ni ya raha tu. Mja mzito anaweza kutamani embe bichi kwa chumvi, ndimu au mabuyu, na hayo hayana neno yakiwa ya kiasi. Lakini akianza kutamani udongo, hapo pana la kutazamwa. Jambo hili si geni kwetu. Utafiti uliofanywa Kilifi katika miaka ya 1990 ulikuta zaidi ya nusu ya wajawazito waliohojiwa walikuwa wakila udongo mara kwa mara. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma na damu. Udongo wenyewe hauongezi damu. Waweza kuleta mayai ya minyoo, na pia huzuia tumbo kufyonza chuma kilichomo kwenye chakula. Mwenye hamu hiyo asichekwe wala asitishwe. Apelekwe kliniki apimwe damu.

Vile vile mwenye kiu isiyokatika, anayekwenda haja ndogo kila mara na kupungua mwili huku anakula, asiseme ni joto la Mombasa. Hizo ni dalili za sukari, na kipimo chake ni cha dakika chache.

Vipi tule

Kwanza tujue hesabu. Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vidogo. Mwenye kunywa vikombe viwili vya chai kwa vijiko vitatu kila kimoja amekwisha kuimaliza, hajagusa hamri wala kaimati iliyotoswa kwenye shira. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja kidogo. Mwenye presha asisahau kuhesabu achari na ng'onda.

Pili, tuanze kupunguza pale ambapo hamu haipo. Hakuna anayeiota sukari ya kwenye chai. Watu huota mahamri. Basi chai inywewe kavu au kwa sukari kidogo, ijengwe kwa tangawizi na iliki, na hamri libaki.

Tatu, tugeuze kipimo cha sahani. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, husagika tumboni polepole na hushibisha. Kinachopandisha sukari upesi zaidi ni unga na sukari vya kwenye mahamri. Mahamri manne kwa kijiko kimoja cha mbaazi ni kinyume cha mambo. Hamri moja au mawili kwa bakuli la mbaazi ni chakula kile kile, kwa harufu ile ile.

Nne, muhogo wa kuchoma kwa ndimu na pilipili hukata hamu kama wa kukaanga, na haukunywa mafuta. Lakini muhogo na viazi ni wanga, kwa hivyo mwenye sukari asivihesabu kuwa ni mboga. Ukwaju nao usitiwe sukari kwa mkupuo. Kazi yake ni uchachu.

Tano, mafuta ya karai yakishageuka rangi yakawa meusi, yakatoa povu na harufu kali, yamwagwe. Kuyaongezea mapya juu yake si kuyasafisha. Mteja ana haki ya kutazama karai kabla ya kununua.

Sita, ule chakula cha hamu mezani, mchana kweupe, pamoja na watu wako. Afadhali hamri la Ijumaa linalojulikana na nyumba nzima kuliko manne ya kila alfajiri yasiyojulikana na mtu.

La mwisho ni la kliniki. Wengi wetu tukiulizwa na daktari tunakula nini, hujibu ugali, mboga na samaki, kwa sababu twaona hayo ndiyo majibu mazuri. Twatoka na ushauri wa mtu mwengine, ambaye hali mahamri. Mwambie mtaalamu wa lishe ukweli: mahamri mangapi, chai ya vijiko vingapi, wali wa nazi mara ngapi kwa wiki, viazi karai saa ngapi. Kama unatumia dawa au insulini, muulize kipimo chako wewe ni kipi kwa kila kimoja, wala usibadilishe dawa kwa kuwa umebadilisha chakula. Kipimo kilichotokana na sinia lako mwenyewe ndicho utakachokiweza, mwezi baada ya mwezi.