Kisiwa cha Nchi Kavu

Sisi watu wa visiwani tumezoea kudhani kwamba kisiwa hakina budi kuzungukwa na maji. Lakini msafiri apitaye njia kuu ya kwenda Moshi, akikaribia Same, huiona Milima ya Pare ya Kusini ikisimama ghafla katika tambarare kavu ya migunga. Huko juu, penye kilele cha Shengena chenye kimo cha meta 2,462, umo msitu wa Chome, hifadhi ya Serikali ya kilometa za mraba zipatazo 143.

Milima hii ni ya Tao la Mashariki, miamba ya kale mno iliyoinuliwa na mipasuko ya ardhi, na kila kipande kimetengwa na mwenzake kwa nchi ya ukame. Pepo zitokazo katika bahari yetu hii hupanda miteremko yake na kuacha mvua na ukungu. Katika upweke huo yumo ndege mdogo mwenye duara nyeupe machoni, asiyepatikana po pote duniani ila Pare ya Kusini. Wapemba wasicheke: kwao nako yuko wa jamaa hiyo hiyo, asiyepatikana ila Pemba.

Ndege peke yake asingetushughulisha sana. Linalotushughulisha ni maji. Vijito vya milimani hukingwa usiku katika ndiva, mabwawa madogo ya asili ya Wapare, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Mahindi ya tambarare yanayategemea, na tangawizi ya Mamba Miamba vile vile hutaka maji. Msitu ukikauka, zamu hizo zitabaki jina tu.

Na msitu umekwisha kuguswa. Mikulo yake ilipasuliwa mbao kwa siri miaka mingi. Wachimba dhahabu wakafuata, wakavuruga vijito. Na hata boksiti ya Shengena imetamaniwa. Twajua umaskini wa wachimbaji hao, nao wastahili kutafutiwa riziki mahali pengine. Ila mwenye leseni na asiye nayo, sururu zao hutoboa chemchemi ile ile.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa Madini wasitoe kibali cho chote ndani ya mipaka ya Chome bila ya kwanza kuwauliza wakuu wa Misitu, na wote wawili wawaite wazee wanaogawa maji ya ndiva. Wazee hao hutambua kijito kilichopungua kabla ya afisa ye yote kuletewa taarifa.