Maji Gani Yaingie Mshipani Ini Likibadilishwa?

Familia za Afrika Mashariki zinazompeleka mgonjwa India kupandikizwa ini hushtushwa na bei ya albumini kwenye makadirio ya gharama. Ni ghali mara nyingi kuliko dripu ya kawaida, kwa kuwa hutolewa kwenye plazma ya damu za watu. Kubana matumizi ni haki yenu, ila mjue pa kubana.

Dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 ndiyo nafuu, na kila hospitali inayo. Kwa upasuaji huu, mimi nisingeitegemea. Lita moja ina milimoli 154 za kloridi, ilhali damu ina takriban 100. Zikiingia lita nyingi, asidi huzidi mwilini. La kutisha zaidi ni sodiamu. Wagonjwa wengi wa ini huwa nayo chini, na ikipandishwa kwa kasi ubongo unaweza kuharibika hata kama ini jipya limekubali.

Ringer's lactate ina sodiamu 130 tu na kloridi pungufu, nayo haina bei ya kutisha. Tatizo lake ni kwamba laktati huchakatwa zaidi na ini, na katikati ya upasuaji kuna muda mgonjwa hana ini kabisa: la zamani limetolewa, damu haijaanza kupita kwenye jipya. Laktati ikipanda, daktari hupata shida kujua kama ini jipya limeanza kazi. Plasma-Lyte hutumia asetati, ambayo misuli nayo huichakata, na haina kalsiamu ya kugandisha damu inayoongezwa kwa mrija huohuo. Hiyo ningeilipia, mradi sodiamu ya mgonjwa ipimwe mara kwa mara, maana dripu hiyo ina 140.

Albumini je? Utafiti wa SAFE wa Australia na New Zealand, 2004, kwa wagonjwa mahututi karibu 7,000, haukuona tofauti ya vifo kati yake na dripu ya chumvi. Hao hawakuwa wa kupandikizwa ini, na mtu aliyetolewa lita nyingi za maji tumboni anaihitaji kweli. Basi ilipieni ikiwa na sababu, si kwa mazoea.

Dripu za wanga (starch) ndizo za kukataa. Umoja wa Ulaya uliamua kuzisitisha sokoni mwaka 2022 kwa madhara ya figo na vifo.

Kabla ya kulipa, muoneni daktari wa usingizi awaeleze atatumia maji gani na kwa nini. Gharama ya kusafishwa damu figo zikifeli huipita mbali tofauti ya bei ya dripu.